Kutoka Mchanga wa Kwale hadi Titaniamu Safi: Kazi Kubwa ni Kuondoa Metali Nyingine

Kwa zaidi ya miaka 10, malori yalipita barabara ya Ukunda kuelekea Likoni yakiwa yamebeba mchanga mzito kutoka Nguluku na Maumba. Shehena ya kwanza iliondoka kwa meli Februari 2014. Uchimbaji katika mgodi huo wa Base Titanium ulikoma Desemba 2024. Hata baada ya mitambo kunyamaza, wakazi wengi wa Kwale bado wanauliza: ikiwa titaniamu ndiyo inayotengeneza sehemu za injini za ndege, mbona sisi tuliuza mchanga?

Jibu lina pande nyingi, zikiwemo sheria, mtaji na bei ya umeme. Somo hili linaangalia upande mmoja ambao hauzungumzwi sana, nao ni metali nyingine zinazoandamana na titaniamu tangu ardhini hadi ndani ya tanuri. Mnunuzi wa titaniamu hulipa zaidi kadiri metali hizo zinavyopungua. Gramu chache za chuma ndani ya kilo moja zinatosha kushusha mzigo daraja, kutoka kwa mtengenezaji wa ndege hadi kwa mwenye tanuri la chuma cha kawaida.

Tukubaliane kwanza kuhusu neno moja. Katika mazungumzo ya kila siku, "chuma" huweza kuwa kitu chochote kigumu kinachong'aa. Katika somo hili, chuma ni kile cha nondo na panga, kile kinachoshika kutu. Vingine tutaviita metali.

Kilicho ndani ya mchanga

Mchanga wa Kwale ulikuwa na madini matatu ya kuuza: ilmenaiti, rutaili na zikoni. Mawili ya kwanza ndiyo yenye titaniamu. Rutaili ni tajiri; karibu yote ni titaniamu iliyoungana na oksijeni. Ilmenaiti, ambayo ndiyo iliyokuwa nyingi zaidi, ni titaniamu na chuma vilivyofungamana pamoja na oksijeni. Ukichukua kilo 100 za ilmenaiti safi kabisa, utapata karibu kilo 32 za titaniamu na karibu kilo 37 za chuma. Kwa maneno mengine, ndani ya kile tulichozoea kukiita "mchanga wa titaniamu," chuma ni kizito kuliko titaniamu yenyewe.

Ni chuma hicho kilichosaidia kuigundua titaniamu. Mwaka wa 1791, kasisi mmoja wa Cornwall, Uingereza, aitwaye William Gregor, alichunguza mchanga mweusi wa eneo lake uliovutwa na sumaku. Alipoutoa chuma, alibaki na unga mweupe ambao haukufanana na kitu chochote kilichojulikana. Miaka minne baadaye, Mjerumani Martin Klaproth aliupata ndani ya rutaili na kuupa jina la titaniamu. Ikachukua zaidi ya karne nzima kabla ya mtu yeyote kuipata metali yenyewe ikiwa safi: Matthew Hunter, nchini Marekani, mwaka wa 1910.

Kiwandani kule mgodini, hatua iliyofanyika ilikuwa ya kutenganisha chembe na chembe. Sumaku zenye nguvu zilivuta ilmenaiti. Rutaili na zikoni zilitenganishwa kwa umeme, kwa kuwa rutaili hupitisha umeme nayo zikoni haipitishi. Hatua hiyo haigusi kilicho ndani ya chembe. Chuma kilichofungamana na titaniamu kiliondoka Likoni kikiwa bado ndani ya ilmenaiti.

Inafaa pia kusema wazi kwamba sehemu kubwa mno ya madini ya titaniamu duniani haiwi metali kamwe. Takriban tisa katika kumi hugeuzwa kuwa unga mweupe wa rangi za nyumba, plastiki, karatasi na hata dawa ya meno. Rutaili nyingine hupakwa kwenye vijiti vya kuchomelea, vile vile ambavyo mafundi wetu wa jua kali hununua kwa paketi. Ni sehemu ndogo tu inayokwenda kuwa metali, na njia yake ni ndefu.

Kwa nini haiyeyushwi kama chuma

Chuma hupatikana kwa kuchoma mawe yake pamoja na kaa. Kaa hunyakua oksijeni na chuma hubaki. Ukijaribu hivyo na titaniamu, titaniamu huungana na kaa lenyewe na kuwa kitu kigumu kisichofaa kufuliwa. Ikiwa na joto kali, metali hii hunyonya pia oksijeni na naitrojeni ya hewani, na ikishazinyonya haizitoi. Huwa ngumu na yenye kuvunjika kama kigae.

Njia inayotumika hadi leo ilibuniwa na William Kroll wa Luxembourg katika miaka ya 1930, na viwanda vya Marekani vikaanza kuitumia kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1940. Kwa muhtasari, titaniamu huunganishwa kwanza na klorini ili iwe kioevu kinachoweza kusafishwa. Kisha klorini hiyo huondolewa kwa kutumia magnesiamu. Kinachobaki ni donge la kijivu lililojaa matundu, ndiyo sababu huitwa sifongo ya titaniamu. Sifongo hiyo ndiyo huyeyushwa baadaye kuwa mikuo ya metali.

Kwa kuwa chuma cha ilmenaiti ni kingi mno, kwa kawaida hupunguzwa kabla ya klorini kuingia. Huko Richards Bay, Afrika Kusini, ilmenaiti huyeyushwa katika matanuri ya umeme. Chuma hutoka chini na kuuzwa, na masalio yenye titaniamu nyingi hubaki juu. Magharibi mwa Australia huchomwa kisha chuma hugeuzwa kutu na kuoshwa. Asiyepunguza chuma mapema ataipoteza klorini yake kwa kukilisha chuma.

Vita dhidi ya vanadiamu

Madini yaliyopunguzwa chuma huingizwa kwenye tanuri pamoja na kaa la koki na gesi ya klorini, katika joto linalokaribia nyuzi 1000 za Selsiasi. Klorini hii ndiyo hiyo hiyo tunayoijua kwenye maji ya bomba, ila hapa ni kali na kwa wingi. Tatizo lake ni kwamba haichagui. Huungana na titaniamu, na pia na chuma, aluminiamu, silikoni, vanadiamu na karibu kila metali iliyomo. Zote huondoka tanurini zikiwa mvuke mmoja.

Isipokuwa mbili. Kalisi na magnesiamu zikiungana na klorini hazigeuki mvuke katika joto hilo. Huwa majimaji mazito yanayonata, hushikamanisha chembe za mchanga na kuziba tanuri. Ndiyo maana mnunuzi wa madini haya huuliza kuhusu kalisi mapema, ingawa ni kidogo sana na haina sumu. Tani chache zenye kalisi nyingi zaweza kusimamisha kazi ya siku kadhaa.

Mvuke uliotoka husafishwa kwa kupozwa hatua kwa hatua. Kloridi ya chuma huganda mapema na kuanguka kama vumbi. Kloridi ya titaniamu huwa kioevu kinachochemka kwenye nyuzi 136. Ile ya silikoni huchemka kwenye nyuzi 57 tu, kwa hiyo hutangulia kutoka kioevu kinapochemshwa. Mpaka hapo, kazi ni ya kuchemsha, kunasa mvuke na kuupoza, na tofauti za joto ni kubwa vya kutosha kuzitenga.

Vanadiamu ndiyo inayosumbua. Kloridi yake huchemka kwenye nyuzi 127, tofauti ya nyuzi 9 tu na titaniamu. Ukichemsha, vyote viwili hutoka karibu pamoja. Macho huiona: kioevu kisichosafishwa huwa cha manjano au hudhurungi, na kile safi hakina rangi kabisa, kama maji ya kisima kizuri. Wahandisi huongeza kitu cha tatu cha kuikamata vanadiamu na kuigeuza kuwa chembe ngumu zisizopaa. Viwanda vingine hutumia mafuta, vingine nyaya za shaba, vingine unga wa aluminiamu. Kila njia ina gharama yake. Mafuta ni rahisi lakini huacha tope na kaa, shaba husafisha vizuri lakini ni ghali na lazima ioshwe mara kwa mara.

Kuna kichekesho hapa. Aloi ya titaniamu inayotumika zaidi katika ndege ina aluminiamu asilimia 6 na vanadiamu asilimia 4. Kiwanda hutumia pesa kuifukuza vanadiamu, kisha huinunua na kuitia tena. Sababu ni kipimo. Mtengenezaji wa ndege anataka kujua hasa kiasi kilichomo, na kwamba kimeenea sawasawa. Vanadiamu iliyokuja na mchanga haiahidi lolote kati ya hayo mawili.

Kioevu hicho ni hatari. Kikiguswa na hewa yenye unyevu, kama hii yetu ya pwani, hufuka moshi mweupe mzito pamoja na asidi. Jeshi la majini la nchi mbalimbali liliwahi kukitumia kufichia meli vitani. Kiwanda chochote cha aina hii hulazimika kuishi ndani ya mabomba yaliyofungwa barabara.

Chuma hurudi kwa mlango wa nyuma

Baada ya kazi yote hiyo, mtu angedhani chuma kimekwisha. Hakijaisha. Hatua inayofuata hufanyika ndani ya chungu kikubwa cha chuma cha pua, na hapo ndipo chuma hurudi.

Chungu hutolewa hewa yote na kujazwa argoni, gesi isiyoungana na kitu. Magnesiamu huyeyushwa ndani yake, kisha kioevu cha titaniamu huteremshwa taratibu. Magnesiamu hunyang'anya klorini, titaniamu hubaki ikijijenga kuwa sifongo, na joto jingi hutoka. Chungu kimoja kikubwa huweza kutoa tani 10, na kazi yote, pamoja na kupoza, huchukua siku nyingi.

Chuma hupitia milango mitatu. Kwanza ni masalio kidogo yaliyobaki ndani ya kioevu. Pili ni magnesiamu yenyewe, kwa kuwa magnesiamu iliyoyeyuka huyeyusha chuma kidogo kutoka katika kila chombo kinachoibeba. Mlango wa tatu ndio mpana: ukuta wa chungu. Titaniamu ya moto inayogusa ukuta hupokea chuma kutoka humo. Zaidi ya hayo, titaniamu na chuma vikikutana kwenye nyuzi 1085 huyeyuka pamoja, ingawa kila kimoja peke yake huhitaji joto kubwa zaidi ya hilo. Titaniamu na nikeli hufanya hivyo mapema zaidi, kwenye nyuzi 942, na chuma cha pua cha kawaida kina nikeli. Kwa hiyo joto likipanda kupita kiasi, chungu huanza kuliwa kutoka ndani. Msimamizi wa zamu huangalia joto kama mama anayeangalia maziwa jikoni, kwa kuwa akimimina kioevu haraka anapata kazi upesi, lakini anaharibu mzigo na chungu pamoja.

Kisha magnesiamu na kloridi yake iliyobaki katika matundu hutolewa kwa kupasha donge joto ndani ya ombwe kwa siku kadhaa. Kloridi hiyo isipotoka yote, itavuta unyevu wa hewani kama chumvi ya mawe inavyofanya masika, na unyevu huo utaleta oksijeni ndani ya metali.

Donge likitoka, hukatwa kwa mpangilio. Sehemu ya katikati ndiyo safi zaidi. Ngozi ya nje na kitako, vilivyogusa chungu, huchongwa na kuwekwa kando, kisha huuzwa kwa bei ya chini, mara nyingi kwa viwanda vya chuma vinavyohitaji titaniamu kidogo tu ndani ya chuma chao. Vipande vilivyosagwa hupita kwenye mkanda mbele ya wafanyakazi wanaoviangalia kwa macho. Kipande chenye rangi ya dhahabu, kwa mfano, kimenyonya naitrojeni na lazima kiondolewe. Waswahili husema samaki mmoja akioza wote wameoza, na katika kazi hii ndivyo mnunuzi anavyouhesabu mzigo.

Si kutia chumvi. Julai 1989, ndege ya abiria ilianguka Sioux City, Marekani, na zaidi ya watu 100 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba diski ya titaniamu ndani ya injini ilipasuka kuanzia kwenye doa dogo gumu lililosababishwa na naitrojeni, lililoingia wakati metali ilipokuwa ikitengenezwa, miaka mingi kabla. Doa hilo lilitokana na gesi, si metali, lakini tangu hapo wanunuzi wa titaniamu ya injini wamekuwa wakali kwa kila aina ya uchafu.

Namba zinazoamua bei

Usafi wa sifongo hupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya maabara, kuhesabu kila metali. Ya pili ni ya kale na rahisi: sampuli huyeyushwa kuwa kitufe, kisha mpira mgumu hukandamizwa juu yake na shimo lililobaki hupimwa. Uchafu wowote, uwe chuma, oksijeni au naitrojeni, huifanya titaniamu kuwa ngumu. Nchini Urusi na Kazakhstan, daraja la sifongo huitwa kwa namba ya ugumu huo. Sifongo ya namba 90 ni laini na bora kuliko ya 130.

Kwa titaniamu isiyo na mchanganyiko, kiwango cha kimataifa cha gredi ya 1 huruhusu chuma kisichozidi asilimia 0.20, yaani gramu 2 kwa kilo. Gredi ya 2 huruhusu gramu 3. Tofauti hiyo ya gramu moja huamua kama bamba litakunjika vizuri au litapasuka. Titaniamu ya vifaa vya kompyuta ni kali zaidi. Ikihitajika asilimia 99.99, metali nyingine zote pamoja hazifiki gramu 1 katika kilo 10. Kuyeyusha upya ndani ya ombwe hutoa magnesiamu na klorini iliyosalia, lakini chuma hakitoki kwa urahisi. Kilichoingia chunguni huandamana na metali hadi mwisho.

Hesabu hii inaihusu Kwale

Ng'ambo ya bahari hii hii, huko Chavara katika jimbo la Kerala, India, mchanga mweusi wa ufuo ulianza kuchimbwa mapema katika karne ya 20. Kiwanda cha sifongo kilifunguliwa huko mwaka wa 2011, kikiwa na uwezo wa tani 500 kwa mwaka, kwa teknolojia iliyotoka katika maabara ya serikali mjini Hyderabad na kwa msaada wa shirika la anga la India. Kati ya mchanga na sifongo palipita takriban miaka mia moja, na kilichokuja kwanza ni maabara na watu wa kuiendesha. Afrika Kusini, yenye mchanga mwingi kuliko wetu, ilifungua kiwanda cha majaribio cha unga wa titaniamu mjini Pretoria mwaka wa 2013.

Anayeahidi tanuri la titaniamu bila kutaja klorini, magnesiamu, argoni na umeme usiokatika, wakazi wana haki ya kumwuliza maswali. Hatua ya karibu zaidi ni ile ya kupunguza chuma katika ilmenaiti, na hata hiyo hula umeme mwingi. Iliyo karibu kuliko zote ni kujua kusoma cheti cha maabara kinachoandamana na kila shehena.

Chini ya Sheria ya Madini ya 2016, leseni hutolewa na serikali ya kitaifa, na mrabaha hugawanywa hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii ya eneo la mgodi. Mrabaha hukadiriwa kutokana na thamani ya madini yaliyouzwa, na thamani hiyo hufuata cheti. Katika cheti, mkazi aangalie kwanza asilimia ya oksidi ya titaniamu, kisha chuma. Baada ya hapo aangalie kromiamu na vanadiamu, ambazo huchafua weupe wa rangi na kumfanya mnunuzi apunguze bei. Halafu kalisi na magnesiamu, kwa sababu ya tanuri la klorini. Na mwisho urani na thoriamu, ambazo kila bandari huziulizia. Shehena mbili zenye uzito sawa zaweza kutofautiana sana kwa bei kwa sababu ya mistari hiyo michache. Swali hili litarudi siku mgodi mwingine wa mchanga mzito utakapofunguliwa Pwani, kwa kuwa madini ya aina hii yapo pia Mambrui na Vipingo katika Kaunti ya Kilifi.

Kwa vijana wanaotaka kuifuata taaluma hii, Chuo Kikuu cha Taita Taveta, karibu na Voi, na kile cha JKUAT huko Juja hufundisha uhandisi wa uchimbaji na usafishaji wa madini kwa kiwango cha shahada. Hesabu, fizikia na kemia ndiyo masomo ya kuyashika tangu sekondari. Walimu wa kemia wanaweza kuanza na sumaku ya spika mbovu na kiganja cha mchanga mweusi wa ufuoni: wanafunzi wapime kinachovutwa na kinachobaki, kisha waeleze kwa nini sumaku hiyo haiwezi kukitoa chuma kilichofungamana ndani ya chembe.